NAMBA TASA 2,147,483,647 NA MASHIMO YA BAO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mtabila

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa katika shule ya msingi, na mifano tuliyopewa ilikuwa midogo: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Mwanafunzi akiulizwa kama 91 ni tasa, hufikiri kidogo, kisha huona kwamba 7 mara 13 ni 91. Basi si tasa. Lakini akiulizwa habari za 2,147,483,647, wengi watajibu kwamba hiyo ni kazi ya kompyuta, si kazi ya mtu. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba sivyo. Namba hiyo ilithibitishwa kuwa tasa mwaka 1772, zaidi ya miaka 150 kabla ya kompyuta kuundwa, na njia iliyotumika yaweza kufahamika na kila mwanafunzi anayejua kugawa. Naieleza kwa Kiswahili, ingawa hesabu za sekondari twazisoma kwa Kiingereza, maana jambo ambalo mtu hawezi kulieleza kwa lugha anayoongea bwenini huenda bado hajalifahamu.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Tasa, kwa kawaida, ni kiumbe asiyezaa. Lakini tukichunguza vizuri, twaona kwamba namba hizi ndizo zinazozaa namba nyingine zote. 12 ni 2 × 2 × 3. 91 ni 7 × 13. 2,047 ni 23 × 89. Kila namba kubwa kuliko 1, ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la namba tasa zilizozidishwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua asili ya namba yoyote hana budi kuzijua tasa kwanza.

Wala tusidhani kwamba habari za namba ni ngeni katika sehemu zetu. Mwaka 1950 Bwana Jean de Heinzelin wa Ubelgiji alichimbua mfupa mdogo mahali paitwapo Ishango, mashariki ya Kongo, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mfupa huo una umri wa miaka ipatayo 20,000, nao umehifadhiwa mjini Brussels. Umechongwa alama katika safu tatu. Katika safu moja alama zimekusanywa hivi: 11, 13, 17, 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Wataalamu wengine husema kwamba mpangilio huo ni bahati tu, na wengine huona kwamba mfupa ulikuwa kalenda ya kuhesabu siku za mwezi. Hata hivyo, yaelekea kwamba aliyechonga alikuwa akihesabu.

Sasa tuitafute namba yetu kubwa, na chombo chetu kiwe bao. Bao lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32. Tuseme unaweka punje moja ya maharage katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na kuendelea hivyo, kila shimo likipata mara mbili ya lile lililotangulia. Shimo la 10 litapata punje 512. Shimo la 20 litapata 524,288. Shimo la 31 litapata 1,073,741,824. Hapo usimame, uache shimo la 32 wazi.

Je, umetumia punje ngapi kwa jumla? Tazama mwanzo: 1 na 2 ni 3, ongeza 4 ni 7, ongeza 8 ni 15. Kila mara jumla hupungua kwa 1 tu chini ya punje zinazotakiwa kuingia shimo linalofuata. Basi jumla ya mashimo 31 ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kwa kifupi twaandika 2³¹ − 1, nayo ni 2,147,483,647: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Tukichukua kwamba punje 2,500 hufanya kilo moja, hayo ni magunia zaidi ya 8,500 ya kilo mia mia.

Kusema kwamba namba hii ni tasa maana yake ni kwamba maharage hayo hayagawiki sawasawa kwa watu wawili, wala kumi, wala elfu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Ukiwagawia wote, kila mmoja atapata punje 34, na punje 48,285,567 zitabaki. Jaribu idadi nyingine yoyote ya watu, kuanzia wawili, na lazima utabakiwa na kitu, isipokuwa watu wawe wengi sawa na punje zenyewe, kila mmoja na punje yake.

Kompyuta nazo zaijua namba hii, na sababu yake yafanana na bao letu. Kompyuta nyingi zilitengenezwa kuandika namba katika nafasi 32. Nafasi moja huwekwa kwa alama ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, na 31 zinazobaki hubeba namba yenyewe. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2,147,483,647. Mashine za namna hiyo huhesabu saa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Zitafika mwisho wa hesabu yao Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Tanzania. Mashine ambayo haijarekebishwa itaruka kutoka hapo hadi namba hasi, na itadhani kwamba ni Desemba 1901. Mashine za siku hizi zimepewa nafasi 64 ili kuepuka jambo hilo. Hapo utasa wa namba hauhusiki. Lakini habari hii yatusaidia kuona ukubwa wake: ni sekunde za miaka 68 na siku chache.

Basi fikiri kazi ya mtu anayetaka kuthibitisha utasa kwa kugawa tu. Akianza na 2, kisha 3, kisha 4, mpaka mwisho, na kila sekunde agawe mara moja bila kula wala kulala, atahitaji miaka hiyo 68. Nguvu peke yake haitoshi. Yatupasa kutumia akili ili kupunguza kazi, na kazi hupungua kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya kipeuo cha pili. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, ile ndogo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yote, maana zote mbili zikikizidi, zao lao litazidi namba yenyewe. Kwa mfano kipeuo cha pili cha 91 ni 9 na kitu, basi anayetafuta vigawo vyake hana haja ya kupita 9. Sasa 46,340 × 46,340 ni 2,147,395,600, na 46,341 × 46,341 ni 2,147,488,281. Namba yetu i katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo yatosha kujaribu kuanzia 2 hadi 46,340. Kutoka bilioni mbili tumeshuka hadi elfu arobaini na sita. Lakini tukisema kwamba kugawa mara moja kwa kalamu huchukua dakika tano, kazi hii bado ni ya siku 160, usiku na mchana.

Hatua ya pili ndiyo nzuri kuliko zote. Chukua namba tasa 23. Anza na 2, uwe unazidisha kwa 2, na kila jibu likifika 23 au kupita, toa 23 ubaki na baki. Utapata: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Katika hatua ya 11 umefika 1, na ukiendelea utarudia safari ile ile. Ni mzunguko wa hatua 11. Mwaka 1640 Bwana Pierre de Fermat wa Ufaransa aligundua kwamba kwa kila namba tasa isiyo 2, ukizidisha hivyo hatua zilizo pungufu ya tasa hiyo kwa 1, lazima utafika 1. Kwa 23, hatua ya 22 lazima iwe 1. Na ndivyo ilivyo, kwa sababu 22 ni mizunguko miwili ya hatua 11. Sheria yake ni hii basi: urefu wa mzunguko hugawa, bila baki, ile tasa iliyopunguzwa 1.

Sasa tuseme ipo namba tasa inayogawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake ni kwamba hatua ya 31 ya mzunguko wake ni 1. Hivyo urefu wa mzunguko lazima ugawe 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa; basi mzunguko una hatua 1 au 31. Hatua 1 haiwezekani, maana hatua ya kwanza ni 2, si 1. Basi ni 31. Kwa sheria ya Fermat, hiyo tasa tunayoitafuta ikipunguzwa 1 hugawanyika kwa 31. Tena ni namba witiri, kwa hiyo ikipunguzwa 1 ni shufwa. Basi ikipunguzwa 1 lazima igawanyike kwa 62. Hakuna haja ya kujaribu 3, wala 7, wala 101. Tunajaribu 63, 125, 187, 249 na kuendelea, kila mara tukiongeza 62. Mpaka 46,340 ziko namba 747 tu.

Hatua ya tatu: zidisha namba yetu kwa 2, utapata 4,294,967,294. Hiyo ni 65,536 × 65,536 toa 2. Yaani ni mraba uliopunguzwa 2. Sasa tazama miraba midogo iliyopunguzwa 2: 9 toa 2 ni 7, 25 toa 2 ni 23, 36 toa 2 ni 34, yaani 2 × 17, 121 toa 2 ni 119, yaani 7 × 17. Ukiiacha 2, tasa zinazotokea ni 7, 17, 23. Ukizigawa kwa 8, baki ni 7 au 1, kamwe si 3 wala 5. Hiyo ni sheria ya daima. Uthibitisho wake ni mrefu, nami siuweki hapa. Tukiunganisha sheria hii na ile ya 62, zinazobaki kujaribiwa ni za namna mbili: 248 iliyozidishwa kwa namba fulani na kuongezwa 1, au 248 iliyozidishwa na kuongezwa 63. Nayo 63 yenyewe twaiacha, maana ni 7 × 9. Mpaka 46,340 ziko 186 za namna ya kwanza na 186 za namna ya pili. Jumla ni 372.

Bwana Leonhard Euler ndiye aliyefanya kazi hii na kueleza habari zake mwaka 1772. Alikuwa St Petersburg katika Urusi, mwenye umri wa miaka 65, na macho yake yalikuwa yamepofuka karibu kabisa. Mtu ambaye karibu hakuona tena aliona ndani ya namba ambayo wenye macho hawakuweza kuichungulia.

Pengine msomaji atauliza: kulikuwa na haja gani ya uthibitisho, wakati wataalamu walikwisha kusema? Kweli walikuwa wamesema. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo ambavyo, akadai, 2 ikipandishwa navyo na kutolewa 1 hutoa namba tasa. Humo alitaja 31, na hapo alisema kweli. Lakini alitaja pia 67 na 257, ambavyo si kweli, akaacha 61, 89 na 107, ambavyo ni kweli. Kwa muda mrefu orodha hiyo iliheshimiwa kwa sababu ya jina la mwenyewe. Mwaka 1876 Bwana Edouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ingawa hakuonyesha vigawo vyake. Mwaka 1903 Bwana Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wenzake huko Marekani akavionyesha: 193,707,721 × 761,838,257,287. Yasimuliwa kwamba hakusema hata neno moja. Alizidisha ubaoni mpaka jibu likaonekana sawa, wenzake wakapiga makofi. Katika hesabu heshima ya msemaji haitoshi. Mkubwa na mdogo wote huulizwa jambo moja: uthibitisho uko wapi?

Kosa jingine la kuheshimika ni la Bwana Peter Barlow wa Uingereza. Mwaka 1811, akizungumzia namba kubwa iliyopatikana kutokana na hii tasa ya Euler, aliandika kwamba hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine ya namna hiyo iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa ni mambo ya kustaajabisha tu, hayana faida. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha utasa wa 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39. Mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Bwana Luke Durant wa Marekani amepata namba tasa ya aina hiyo hiyo yenye kipeo cha 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320.

Na faida nayo imeonekana. Fikiri tena juu ya Cole: kuzidisha namba zake mbili ni kazi ya muda mfupi ubaoni, lakini kuzitafuta kutoka katika zao lake ni kazi ya miaka. Njia ya kwenda ni rahisi, njia ya kurudi ni ngumu. Mwaka 1977 mabwana Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa Massachusetts, walitumia jambo hilo kutengeneza kufuli la siri. Mwenye kufuli huchagua tasa mbili kubwa, huzizidisha, na zao lake hulitangaza kwa watu wote. Kila mtu aweza kulifunga kufuli kwa zao hilo, lakini kufungua ni kwa yule anayezijua tasa mbili zenyewe. Siri nyingi zinazopita katika intaneti zimelindwa kwa njia hiyo. Namba yetu ya tarakimu 10 ni ndogo mno kwa kazi hiyo; kompyuta huichambua mara moja. Zinatakiwa tasa za mamia ya tarakimu.

Sasa narudi kwenye zile 372, maana nina shauri kwa wasomaji, hasa wanachama wa chama cha Hesabu. Kigawo tunachokitafuta kingekuwa tasa, kwa hiyo twaweza kuziacha zote zinazogawanyika kwa 3 na kwa 5. Nimezihesabu: zinazogawanyika kwa 3 ni 124, na zinazogawanyika kwa 5 lakini si kwa 3 ni 50. Zinabaki 198. Wakipatikana wanafunzi 33, kila mmoja atapewa namba 6. Kwa dakika tano kila namba, kazi yote ni ya dakika 30, nayo yaingia ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40, na dakika 10 zikabaki za kusahihishana.

Wa kuanzia nawapa mifano miwili. 2,147,483,647 kwa 311 ni 6,905,092, baki 35. Kwa 1,303 ni 1,648,107, baki 226. Kila mmoja lazima apate baki. Atakayepata sifuri amwombe jirani yake arudie hesabu kabla ya kutangaza kwamba Euler alikosea. Wakimaliza wote, darasa zima litakuwa limethibitisha, kwa kalamu na karatasi, kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Nao hawatakuwa na haja ya kumwamini Euler, wala kompyuta, wala mimi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nami naongeza kwamba vidole vingi visivyoongozwa na akili vingegawa miaka 68.